Mjane wa Bendera

Kadidja wa Nyamugari, mtaa wa Waswahili mjini Gitega, alikuwa na dharau, na hakuona sababu ya kuificha. Aliivaa usoni kama wengine wanavyopaka wanja. Aliwadharau watu wa milimani wanaoshuka Gitega siku ya soko na udongo kwenye visigino. Aliwadharau wa mtaa wa Musinzira, walioanza kupata mshahara juzi na leo wanajifanya wamesahau kuchambua maharage. Na kuliko wote aliwadharau waliorudi kutoka Tanzania na magodoro yao ya msaada na Kiswahili chao cha "samahani" na "naomba", utadhani walikuwa chuoni, si kwenye mahema. Yeye Kiswahili alikinyonya. Babu yake alifika mji huu zama za Mjerumani, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyeshika jembe.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeolewa na dereva kutoka Muyinga.

Mumewe alikuwa akiendesha lori la serikali la kutengeneza barabara. Kwao Muyinga alibatizwa jina la Kasiano, na huko huko alioa msichana wa mlimani aitwaye Letisia. Wawili hao walikwenda komini, ofisi ya serikali ya pale, wakashika bendera ya taifa mbele ya musitanteri, mkuu wa komini, wakaapa kama sheria inavyotaka. Kisha vita vikaja. Letisia akakimbilia Tanzania pamoja na waliokimbia. Kasiano, ambaye wiki hiyo lori lake lilikuwa Gitega, akabaki Gitega. Miaka mitatu baadaye alisilimu, akaitwa Kassimu, akaja kumposa Kadidja.

"Na ule wa kwanza?" Kadidja alimuuliza.

"Alikufa kambini," alijibu Kassimu na kushusha macho. Kadidja akayahesabu macho yale kuwa ni huzuni.

Shehe alifungisha ndoa, pilau likaliwa na mtaa mzima mpaka mbwa wakashiba. Shangazi yake Kadidja alimshauri waende na wao komini wakashike bendera, kwa kuwa mume ni mtu wa serikali na serikali haijui pilau. Kwa hilo ingebidi kwanza Kassimu alete karatasi ya kifo cha Letisia kutoka Muyinga, na siku zile barabara ya Muyinga ilikuwa ya risasi. Lakini tusiisingizie barabara. Kadidja alicheka tu.

"Mi nishike kitambaa na vidole, foleni moja na wakulima? Mi niko bibi ya mtu mbele ya Mungu. Musitanteri ni nani?"

Wengi wa Nyamugari walisema hivyo hivyo. Kwao ndoa ilikuwa ya msikitini, na ya bendera ilikuwa ya watu wasio na pilau.

Walipozaliwa watoto, Farida kwanza na Shafii baadaye, ukaja uerevu. Mtumishi wa serikali hupewa kadi ya matibabu ya mke na watoto, na mke aliyekuwa kwenye karatasi za Kassimu alikuwa Letisia. Basi watoto wakaandikishwa kwamba mama yao ni Letisia. Wala si Kassimu aliyeubuni. Kadidja mwenyewe ndiye aliyemsukuma. Marehemu hana kazi tena na jina lake, alisema, wacha litufanyie kazi sisi. Ikawa hospitalini muuguzi akiita "Madamu Letisia", Kadidja huinuka, hurekebisha mtandio wake, huingia. Alipata dawa kwa bei ya kutupa na alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, akiona ameipiga serikali chenga. Hakuna hata siku moja aliyojiuliza ni jina la nani amewavika watoto wake.

Amani ilikuwa imerudi, na wakimbizi wengi wamerudi nayo, Kassimu alipoanguka karakanani akiwa ameshika tairi. Hakuinuka. Kadidja alikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, bila manukato wala kutia mguu sokoni. Alipotoka alikuta biashara yake ya vitenge imehamia kwa majirani, na cherehani lake halina mteja. Farida alikuwa ameshinda mtihani wa kwenda shule ya bweni. Kilichobaki kilikuwa pensheni ya marehemu. Bila hiyo Farida angerudi kukaa mlangoni kama wasichana wengine wa mtaa, akingoja mwenye pikipiki amdanganye. Kadidja alikuwa na mabaya mengi, lakini kwa mtoto yule alikuwa tayari kula majani.

Ofisi ya pensheni ilikuwa na benchi refu na wajane juu yake. Kadidja alikaa mwishoni kabisa asigusane na mtu. Karani alikuwa Anatoli, mtu mwenye miwani na shingo ndefu, aliyechoka kujibu swali moja kwa kila mjane akaamua kuwahubiria wote kwa pamoja, kwa Kiswahili chake cha ofisini chenye Kifaransa ndani.

"Musikilize, mi nasema mara moja. Mujane analipwa part yake, fungu yake, mpaka siku atakufa ao ataolewa tena. Bon. Mujane ni nani? Ni ule alishika bendera na marehemu. Kulala na mutu miaka makumi mbili, ile haiko mariage. Watoto, kila mumoja iko na part yake mpaka amalize umri ule sheria inasema, na kama iko kwa masomo wanamuongezea. Mais lakini pesa ya mutoto inapita kwa mama yake, ule iko kwa acte ya kuzaliwa. Na mwenye kuleta papiye ya bongo, karatasi ya uwongo, anaenda gereza, watoto wanafutwa, na dawa zote mulikula munazilipa."

Mwanamke mmoja mkulima wa Nyarusange, aliyekaa karibu na Kadidja, alianza kulia polepole. Alikuwa amemzalia mwalimu watoto sita bila bendera. Kadidja alimtazama kwa pembe ya jicho, akasonya. Hata kulia, alijisemea, wanalia kama wanachuma mboga. Lakini alichokilia yule kilikuwa chake na yeye, watoto bila bendera.

Angeweza kusema kweli hapo. Angeambiwa yeye si mjane, na watoto si wake, na amekula dawa za wizi. Zamu yake ilipofika aliweka mezani kadi ya matibabu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Anatoli akasoma. "Letisia, bibi ya Kasiano. Ni we?"

"Ni mi," alisema Kadidja. Alikwisha kulijibu hospitalini jina lile mara ngapi? Halikumkwama.

"Bon. Kunakosa papiye mbili. Ile ya ndoa, na ile ya kuonyesha kama uko mzima. Zote zinatoka pale mulishika bendera. Ni Muyinga, si ni vile? Chefu wa mulima anaandika kama anakujua, komini inagonga muhuri."

Kadidja alitoka na kichwa juu. Chefu wa mlima, huyo mkuu wa kijiji, ni kitu gani? Ni mkulima mwenye kalamu. Mpe cha kunywa, atakuandikia hata kwamba punda ni shangazi yake. Alijua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba mlimani huendi kuomba jambo mikono mitupu, na kwamba jambo hufunguliwa kwa pombe. Alichokuwa hajui, kwa kuwa hakuwahi kukaa chini na watu hao, ni kwa nini. Yeye alidhani pombe ni ya kumziba chefu mdomo.

Akapita njia ya Karuzi mpaka Muyinga, akakodi baiskeli ya kupanda mlimani kwao Letisia, na kwa kuwa dini haimruhusu kugusa kileo, alimwachia mwenye baiskeli abebe dumu la pombe ya ndizi huku yeye akitembea mbali nalo, pua juu. Chefu wa huko aliitwa Nazario. Alilipokea dumu kwa mikono miwili, akashukuru sana, na badala ya kuliingiza ndani akaliweka katikati ya ua. Kisha akaita majirani.

Walikuja kutoka kila upande, wazee kwa vijana, na wanawake waliotoka shambani. Kadidja alishangaa.

"Chefu, mais hii ilikuwa yako we peke."

"Mama, pombe ya jambo hainywewi na mtu mmoja," alijibu Nazario kwa upole. "Tunakunywa wote ili wote tusikie. Kesho mtu akikuuliza, sisi wote ni mashahidi wako. Sasa sema kilichokuleta."

Mrija ulikuwa unapita mkono kwa mkono. Kadidja aliwatazama wale watu na meno yao ya kahawia, akaona kwamba wengi wao ni vijana au wageni waliorudi juzi tu. Nani hapa atakumbuka? Akasimama, akakohoa.

"Mi niko Letisia, bibi ya Kasiano. Tulishika bendera hapa kwenu. Nilikimbia vita, nikakaa Tanzania, sasa nimerudi. Bwana yangu amekufa. Nataka papiye ya kuonyesha kama niko mzima."

Mrija ukasimama. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akapigwa kiwiko. Mrija ule ulikuwa mkononi mwa mwanamke mwembamba aliyevaa kanga iliyopauka. Alikuwa hajanywa bado. Alikunywa sasa, bila haraka, akampa jirani yake, akafuta mdomo.

"Pole kwa msiba, dada," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kambini. "Ulikaa kambi gani huko?"

"Ile kubwa."

"Zilikuwa kubwa zote. Na kambi yenu mlikuwa mnateka maji wapi?"

"Ku robine," alisema Kadidja kwa ukali, yaani bombani. "We ni polisi?"

"Hapana. Nauliza tu, maana na mimi nilikuwa huko. Na yule mtoto wako wa kiume, ulimzika upande gani?"

"Mi sina mutoto wa kuzika. Watoto yangu wote ni wazima."

Yule mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mchuzi na kukuta hauna chumvi.

"Letisia ni mimi," alisema. "Kasiano amekufa lini?"

Hapakuwa na mtu aliyecheka tena. Kadidja akakaa chini, palepale kwenye udongo. Ndipo alipoelewa lile dumu. Alikuwa amewaalika mashahidi mwenyewe, amewalipia na kinywaji.

Letisia alimchukua nyumbani kwake, nyumba ya matofali mabichi yenye bati la msaada, akamfungia mlango watu wasichungulie. Hakumpa kiti. Pengine hakuwa nacho. Kadidja akamweleza yote, kuanzia pilau mpaka kadi, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Alidhani angalau atamshangaza. Hakumshangaza.

"Nilirudi miaka miwili iliyopita," alisema Letisia. "Nilipofika nilituma salamu Gitega. Kasiano akaja. Hakufika hapa nyumbani, alinisubiri sokoni mjini, lori lake kalificha nyuma ya msikiti. Akanipa chumvi na mche wa sabuni. Akasema amesilimu, ana watu. Nikamwambia nenda kwa watu wako. Hakurudi."

Kadidja alisikia hasira ikimpanda, na haikuwa kwa mwanamke huyu. Mwaka mzima na zaidi mwanamume yule alikula wali wake na kulala kitandani kwake akijua kwamba Letisia yuko hai. Na zile siku za mwanzo, alipokuwa anashusha macho, alikuwa anajua nini? Hakuwa na hakika ya lolote. Alisema tu amekufa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na sasa Kadidja alikuwa anaosha. Alimdharau marehemu kwa moyo wake wote, dharau safi, ya kwanza maishani mwake iliyokuwa na sababu.

"Basi hao watoto," alisema Letisia, "kwenye karatasi ni wangu."

"Ni vile."

"Mimi nilizaa mmoja, nikamzika kule. Kumbe huku nimeendelea kuzaa, tena bila uchungu."

 Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mgongo wa Kadidja haukuwahi kufundishwa. Aliinama hivyo hivyo.

"Dada, part ya mujane ni yako, mi sikatai. Mais watoto. Farida iko na akili sana. Ukisema ukweli kwa ofisi, wanawafuta. Mi nakuomba."

Letisia alimtazama kuanzia mtandio wa hariri mpaka viatu.

"Changu nitachukua chote," alisema. "Nilishika bendera, nikashika na njia ya Tanzania kwa miguu, mtoto mgongoni. Sikuachii hata senti. Cha watoto kitakuwa cha watoto, maana wao hawakumkosea mtu. Tutaenda Gitega. Lakini huko nitasema mimi, na wewe utajibu utakachoulizwa."

Yaani hata siku hiyo, akirudi Gitega peke yake kwenda kuwatazama watoto, Kadidja alijifariji kwa dharau. Mkulima yule, alijisemea, akiona ofisi na miwani ya Anatoli atapoteza ulimi, na itabidi mtu wa mjini amshike mkono. Maskini hakuwa na kingine cha kujifariji nacho.

Letisia alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amevaa kanga ile ile, imefuliwa, na mkononi ana karatasi ya ndoa kutoka komini, karatasi ya chefu Nazario, na ile ya kurudi kutoka ukimbizini yenye picha yake na tarehe ya kurudi tu, si ya kukimbia. Alizipanga mbele ya Anatoli moja moja. Anatoli akasoma, akatazama picha, akamtazama yeye. Kisha miwani ikageuka ikamkuta Kadidja, aliyekuwa amejibanza karibu na mlango.

"Attention," alisema. "We mama wa pale. We ndiye ulikuja hapa, ukasema 'ni mi Letisia'. Ama mi niko kipofu?" Akasukuma kiti nyuma na kumwangalia askari wa getini. Benchi zima likageuka. 

"Nilimtuma mimi," alisema Letisia.

"Ulimutuma aseme jina yako?"

"Mimi nilikuwa Muyinga, sina habari za mjini. Nikamwambia nenda na kadi yangu, ukaulize wanataka nini. Hajui kusema, baba. Anachanganya. Ni mtu wangu wa siku nyingi. Mimi nikiwa ukimbizini, yeye ndiye aliyekuwa ananilelea watoto kwa baba yao."

Anatoli alifikiri. Karatasi zilikuwa zinapatana, na kwa karani karatasi zikipatana dunia imepatana. Akavuta kiti chake mbele.

"Donc huyu ni yaya."

"Ni yaya," alisema Letisia.

Mtu aliyejua Nyamugari angetegemea mtaa uanguke. Kadidja, mjukuu wa mtu wa zama za Mjerumani, yaya wa mwanamke wa mlimani. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni.

"Na pesa ya watoto," aliendelea Letisia, "nataka apewe yeye, kila mara, mpaka wamalize shule. Wako naye huku mjini. Anawalea vizuri, hawajakonda."

"Inawezekana. Mama anatoa ruhusa, mulezi anapokea." Anatoli alichukua kalamu. Hakumwita Kadidja akaribie; alimwashiria kwa kidole, kama anavyoitwa mtu wa jikoni. "We, yaya. Kuja hapa. Sheria inasema mulezi atamuke kwa mudomo yake, mama akiwa anasikia. Hawa watoto, Farida na Shafii. Mama yao ni nani?"

Kadidja alifika mezani. Alikumbuka alivyomzaa Farida usiku wa mvua, nyonga zikitaka kupasuka, na mkunga akimwambia usipige kelele. Neno moja tu, na angekuwa mama yao tena, mbele ya benchi zima, na kabla ya jioni watoto wangekuwa wamefutwa na yeye yuko gerezani. Alimgeukia Letisia. Laiti angekuta macho ya ushindi, angejua namna ya kuyachukia. Lakini Letisia alikuwa anasoma kalenda ukutani, hamwangalii kabisa, kama mtu anayesubiri kazi ndogo imalizike aende zake.

"Nauliza," alisema Anatoli. "Mama yao ni nani?"

"Ni huyu," alisema Kadidja. "Ni huyu Letisia."

Anatoli akaandika, akagonga muhuri, akaita mjane anayefuata.